Mguu Uliosingiziwa

Mimi ni fundi wa malori, na nasema mapema kwamba nina mdomo. Nikiona kosa nalitaja, awe mwenye kosa ni dereva, bosi au mzazi. Kule karakana wananiita Mama Spana, na sidhani ni kwa sababu ya spana peke yake. Kwa hiyo siku Baba alipoigonga nguzo ya geti letu kwa gari lake, sikungoja hata vumbi litulie. Nilitoka na taulo kichwani, nikamwambia majirani wakisikia, "Baba, mguu wako wa klachi umechoka. Leta ufunguo."

Akanipa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko nguzo. Baba ni fundi cherehani wa miaka sabini na miwili, mbishi tangu utoto. Amewahi kumwambia nesi kwamba utepe wa hospitali umevutika na ampime upya. Lakini siku hiyo aliuweka ufunguo kiganjani mwangu, akaingia ndani huku mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Nyumbani kwetu kuna jambo halitajwi. Baba mkubwa, kaka yake Baba, aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulioanzia mguu wa kushoto. Kwanza alijikwaa ngazini, tukacheka. Halafu akawa anaangusha vitu. Baada ya miaka miwili alikuwa analishwa kwa kijiko, na mwaka wa tatu tukamzika. Sikumtaja Baba mkubwa pale getini, na Baba hakumtaja. Tulitazamana tu, kila mtu akajua mwenzake anawaza nini.

Msinione mzembe. Gari nililipima. Kesho yake asubuhi niliwasha, nikazunguka mtaa mzima, nikakata kona zote nne, nikarudi baada ya dakika tano. Halikuwa na tatizo lolote. Nikampigia simu kaka yangu, ambaye ni mwalimu na huzungumza kama anasahihisha daftari. Akasema, "Kama gari ni zima, basi aliyeharibika ni dereva." Tukafunga kesi kama mahakimu ambao mshtakiwa hawajamsikiliza.

Na mshtakiwa alikuwa amesema. "Nikikata kona gari linakabwa," alituambia. "Linakuwa kama limefungwa breki. Linaruka, halafu linazima." Mimi nilimjibu kwamba kila dereva aliyegonga kitu husingizia breki. Miaka ishirini na mbili nimesikia maneno hayo kutoka kwa madereva, na huwa siyaamini. Hata ya baba yangu mzazi sikuyaamini.

Basi gari likahamia karakana, likafunikwa turubai. Baba akawa anatembea. Dukani kwa miguu, kwa wateja kwa miguu, na ukitaka kumpeleka anasema hana haraka. Miezi miwili ikapita hivyo.

Siku moja lori letu likakatika boliti barabara kuu, mwendo wa karibu saa nzima, na gari la huduma la karakana lilikuwa limetoka. Nikavuta turubai, nikapakia vifaa kwenye gari la Baba, nikaenda. Kazi ikaisha salama, nikarudi. Pale karakana, ili uegeshe, lazima ukate kona kali kati ya matrela mawili, juu ya sakafu ya zege. Nikazungusha usukani mpaka mwisho, nikaachia klachi taratibu.

Gari likakabwa. Likaruka mara moja, matairi yakalia, likazima. Nikawasha tena, likaruka tena na kuzima tena.

Madereva walikuwa wamekaa kwenye ndoo wanakunywa chai. Mmoja wao, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kufika mahali kwa wakati, akaweka kikombe chini na kusema, "Mama Spana, mguu wako wa klachi umechoka. Leta ufunguo."

Kisa cha nguzo nilikuwa nimewasimulia mwenyewe, kwa mbwembwe, na kila mtu alicheka. Sasa nilitamani ardhi ipasuke. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Lakini nilipokuwa nimekanyaga klachi, nikitafuta la kumjibu, gari lilisogea nyuma lenyewe. Kidogo tu, kiasi cha kiganja, na pale ni tambarare kabisa. Lilikuwa kama kamba iliyosokotwa sana ikaachiwa. Nikalisahau jibu la kumpa Taratibu. Mguu wa mtu, hata uwe mbovu namna gani, hauwezi kulifanya gari lijisokote.

Nikashuka. Kwanza nikagusa rimu zote nne. Kama breki imeng'ang'ania, rimu yake inaunguza. Hizi zote zilikuwa na uvuguvugu ule ule. Nikalipeleka nyuma ya karakana kwenye uwanja wa changarawe, nikakata kona ile ile. Likazunguka vizuri, changarawe tu ikichimbwa na matairi. Nikarudi kwenye zege, likakabwa. Hapo nikajua magurudumu yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Kwenye changarawe yanateleza na kusameheana. Kwenye zege hakuna pa kuteleza.

Gari la Baba linasukumwa na magurudumu yote manne saa zote. Kwenye kona, ya mbele na ya nyuma hayapiti njia moja, kwa hiyo katikati kuna difu inayoyaruhusu yapishane mwendo. Pembeni ya difu hiyo kuna kikopo kilichozibwa, ndani kina mafuta mazito. Magurudumu yakipishana kidogo, kikopo kinanyamaza. Yakipishana bila kupumzika, mafuta yanapata moto, yanazidi uzito, yanaishika difu isicheze. Kwa hiyo swali likawa moja: ni nini kinachoyafanya yapishane hata kwenye barabara iliyonyooka?

Nikalitazama gari ubavuni. Nikaona matairi ya mbele, meusi, yenye meno marefu. Nikakaa chini juu ya sanduku la vifaa.

Yale matairi niliyanunua mimi. Ilikuwa zawadi, wiki tatu kabla ya nguzo. Kwenye malori tuna sheria ambayo hata ukituamsha usingizini tunaitaja: tairi jipya linakwenda mbele, kuukuu linarudi nyuma, kwa sababu tairi la mbele likipasuka lori halishikiki. Nikamfungia Baba mawili mapya mbele, ya nyuma nikayaacha yalivyo, yameisha nusu. Nikajipiga kifua na kumwambia, "Sasa uko salama, Baba." Ujuzi wa malori nikaupeleka kwenye gari lisilo lori.

Ila kushuku si kupima. Utepe wa karakana ni wa chuma, haukumbatii tairi. Nikampigia simu Baba. "Njoo karakana na utepe wako," nikamwambia. "Nimtume mtu akufuate?"

"Nina miguu," akasema, kisha akakata simu, nadhani kwa sababu neno lenyewe lilimchoma.

Alifika baada ya nusu saa, utepe shingoni, viatu vina vumbi. Sikumweleza kitu. Niliogopa kumpa tumaini halafu nimnyang'anye. Nikainua gari kwa jeki upande mmoja, nikamwomba apime mzingo wa tairi la mbele na la nyuma. Akapiga magoti kwenye gunia. Akapima mara mbili mbili, kama anavyopima kiuno cha mteja anayevuta tumbo ndani, akaandika kwa chaki kwenye mpira wenyewe. Mbele, sentimita mia moja tisini na nane. Nyuma, mia moja tisini na nne na nusu.

"Huyu wa nyuma ukimvalisha suruali ya huyu wa mbele itamdondoka," akasema.

Nikapiga hesabu sakafuni. Kila kilomita, magurudumu ya nyuma yalikuwa yanazunguka mara tisa zaidi ya yale ya mbele. Mara tisa, kila kilomita, na kikopo cha watu kinapikwa katikati.

"Baba, siku ya nguzo ulikuwa unatoka wapi?"

"Soko la vitambaa. Dakika arobaini na tano."

"Na mimi nililijaribu asubuhi, likiwa baridi. Dakika tano."

Akanikazia macho. "Unataka kusema nini?"

"Sijamaliza, Baba. Nikimaliza nitasema."

Matairi yake ya zamani yalikuwa nyuma ya kompresa, maana fundi wa malori hatupi kitu. Akayapima: mia moja tisini na nne na nusu, jingine pungufu kwa unene wa kucha. Nikayafunga mbele. Sasa yote manne yalikuwa ndugu. Kilichobaki ni kile kikopo. Kama kilikuwa kimeungua moja kwa moja, gari lingeendelea kukabwa, na mimi nisingekuwa na uthibitisho wa kumpa Baba. Na ili nijue, ilibidi gari lipate moto kama siku ile. Nikamnyooshea ufunguo.

"Endesha wewe."

Akaweka mikono nyuma. "Hapana."

"Baba."

"Nimesema hapana. Mguu huu siuamini. Hata cherehani nimeacha kuikanyaga, kama hukuona. Nashona kwa mkono."

Sikuwa nimeona. Namwona kila siku, na sikuwa nimeona. Nikamwambia kwa sauti ya chini, mimi niliyejisifu kwamba nina mdomo, "Nadhani kosa ni langu, Baba. Nadhani ni matairi niliyokufungia. Lakini nikiendesha mimi hutaniamini, na utakuwa na haki."

Akautazama ufunguo. Halafu akauchukua.

Tukatoka hadi barabara kuu, tukaenda, tukageuza, tukarudi. Dakika arobaini na tano kamili, nilikuwa natazama saa. Nilikuwa pia natazama mguu wake wa kushoto kama paka anavyotazama shimo la panya. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna hata moja iliyolia. Tulipokaribia karakana, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Madereva walisimama walipotuona, hata Taratibu. Baba akaingia kwenye zege, akazungusha usukani mpaka mwisho, akaachia klachi.

Gari likazunguka.

Likazunguka laini, bila kuruka, bila matairi kulia. Akamaliza mzunguko wa kwanza hakuamini, akaongeza wa pili. Akageuza usukani upande wa pili akazunguka tena, mara tatu, mara nne, midomo ikihesabu. Kisha akasimama, akakanyaga klachi. Gari likakaa pale pale, halikusogea hata unywele. Nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana miezi miwili.

Baba akaweka paji la uso kwenye usukani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikamshika mgongo.

"Nilijua ni ule ugonjwa wa kaka," akasema.

"Hata mimi, Baba."

"Kila asubuhi nilikuwa nasimama kwa mguu huu mmoja, nimeshika sinki, nahesabu mpaka uchoke. Nilisema hesabu ikianza kupungua nitajua."

"Ulikuwa unafika ngapi?"

"Sitini."

"Kila siku?"

"Kila siku sitini. Nikawa najiambia, labda kesho itakuwa arobaini."

"Baba, mimi sifiki thelathini."

Akainua uso, macho mekundu, akanitazama kama mtu aliyesikia mzaha kwa lugha ngeni. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka huku nalia, na Taratibu dirishani akauliza kama tunahitaji maji. Sijui namna ya kueleza jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi. Baba yangu ni mzima. Nilikuwa nalirudia neno hilo moyoni na kila mara lilikuwa jipya.

Alipotulia akajifuta uso kwa utepe, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Kisha nikaona ule ubishi wake unarudi machoni, taratibu.

"Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Hapa mkuu ni mimi. Nilikwambia gari linakabwa. Ukakataa kusikia, halafu guu likavunjwa langu."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lakini nieleze kitu kimoja. Miezi miwili umeamini mguu wangu ni mgonjwa."

"Ndiyo, Baba."

"Na matibabu uliyonipa, fundi mzima, ni kuninyang'anya gari ili nitembee?"

Madereva walikuwa wanasikiliza wote.

"Shuka," akasema Baba.

Nikashuka. Akarekebisha kioo, akafunga mkanda, akaweka gia ya kwanza. "Nyumbani ni nusu saa," akanijulisha, "kwa mtu mwenye miguu mizuri." Akatoka kati ya matrela mawili kwa kona moja safi, bila kurudi nyuma hata mara moja.

Nikaenda nyumbani kwa miguu, na viatu vyangu vya karakana, vile vyenye chuma mbele. Njiani nikampigia kaka yangu simu, nikamwambia aliyeharibika si dereva, na nikamwacha aulize maswali yote aliyotaka. Kufika nusu ya njia kisigino kilikuwa kimechubuka na nikawa nachechemea. Majirani waliniuliza nina nini, nikawaambia sina kitu, na kwa kweli sikumbuki siku nyingine niliyotembea nikiwa na furaha kama ile.