Vyungu Nane vya Jirani

Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba siku watu wa filamu walipokuja kwetu, nilikuwa nimechana nywele kwa hiari yangu.

Walitaka kujua jinsi majirani wawili walivyogombania kipande cha ardhi kisichotosha hata kulaza mbuzi, mpaka mmoja akafa. Aliyekufa ni baba yangu, fundi cherehani. Aliyemuua ni Mzee Chuma, mchomelea vyuma, ambaye sasa yuko gerezani. Mpaka wenyewe ulikuwa vyungu nane vya maua vya mkewe, mama ambaye tangu siku ile mtaa mzima haumsalimii.

"Yule mtu alitaka kutumeza," Mama aliiambia kamera. "Kila siku vyungu vinasogea kwetu. Marehemu alivipima kwa tepu yake ya kazini. Anaingia ndani, ananiambia, 'Mke wangu, leo nusu inchi.'"

Mtu mwingine asingeiona nusu inchi. Baba aliiona.

Mimi nilikaa pembeni, mikono mapajani, kama mtakatifu. Bwenini tuliwahi kusogeza kitanda cha kiranja kidole kimoja kila asubuhi, hadi akajikuta anaamkia mlangoni. Likizo ilipofika nikaona nimjaribie Baba, maana akikasirika alihutubia kama mbunge, na mimi nilizipenda hotuba zake kuliko redio.

Sikufikiri kwamba angevirudisha mwenyewe, mchana kweupe, Mzee Chuma akimwona.

"We fundi, unaniibia ardhi nikikutazama?"

"Nani mwizi, we kichwa cha bati?"

Chungu kimoja kikavunjika. Mzee Chuma alikuwa na nondo mkononi, ametoka nayo kazini. Alipiga mara moja tu.

Mwaka mzima sikumwambia mtu.

"Kwa hiyo Mzee Chuma ndiye aliyeanza?" mwongozaji wa filamu aliuliza.

"Ndiye," alisema Mama.

"Siye," nikasema. "Vyungu nilivisogeza mimi. Nilikuwa natania."

Kisha kijana wa kurekodi sauti akavua vile vya masikioni. "Samahani, dada, pikipiki imepita. Unaweza kurudia?"

Nilimtazama Mama. Yeye pikipiki haikumzuia kusikia.

"Rudia," alisema polepole. "Halafu uvuke hapo, ukamwambie na mkewe."

Nikarudia. Safari hii, lile la kutania halikutoka.