Viganja vya Baba Koleo

Asubuhi za shule, watoto wa nyumba za safu walipanga foleni mlangoni kwa Baba Koleo, wamevaa fulana za ndani, mashati ya sare mikononi. Baba Koleo alitandaza shati mezani, akalinyunyizia maji, akapitisha kiganja. Mvuke ulipanda, mikunjo ikalala. Kola alizimalizia kwa kidole gumba. Shule nzima iliwatambua watoto wa mtaa ule kwa unadhifu, na walimu walidhani wazazi wao wana pasi nzuri.

Baba Koleo alifanya kazi kiwanda cha chupa, upande wa tanuri. Alikuwa akitoa chupa kwenye kalibu kwa koleo refu, na iliyotaka kuanguka aliisimamisha kwa mkono. Glavu za wafanyakazi zilikuwa zimechakaa zamani. Jozi mpya ilikuwepo, lakini ilikaa ndani ya kabati la vioo ofisini kwa meneja, ili wageni waione. Basi joto likaanza kumfuata nyumbani. Alianza kwa kuunguza mto, kisha pazia. Alipokwenda kwa daktari wa kiwanda, daktari alimpima mapigo ya moyo, akasema yuko mzima na kazi anaiweza, halafu akamwomba amshikie kidogo kikombe cha kahawa, kilikuwa kimepoa.

Mtaa ulimpenda, na haikuwa kwa ajili ya pasi tu. Masika yakiingia, nepi zote zilikaukia mikononi mwake. Bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye magoti yalimsumbua, alinyoosha miguu kwenye kigoda, naye Baba Koleo akaketi kando na kuviinamisha viganja karibu, akimsikiliza akiwasema wakwe zake mmoja baada ya mwingine. Hakumnyima mtu, wala hakuonyesha kuchoka.

"Shemeji," fundi cherehani alimtania, "siku ukinikasirikia nitukane tu. Ukinizaba kofi nitaiva."

Mke wa Baba Koleo alikuwa ameshajua upande wa kulalia. Binti yao wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitindamimba, alibebwa juu ya mikono kama kuni, viganja vya baba vikiwa vimenyooshwa hewani, mbali na nguo zake. Barabarani alimshika baba kiwiko. Wenzake walishikwa mikono, yeye alishika kiwiko, na hakuwahi kulisemea jambo hilo.

Jumapili moja, mwalimu wa chekechea alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa njiti, mdogo kuliko kiatu cha baba yake. Nesi wa zahanati alimlaza kwenye mashine ya joto, na mchana umeme ukakatika. Kila umeme ulipopungua, zahanati ndiyo iliyozimiwa, ili tanuri la kiwanda lisilale, maana kioo kikiganda humo ndani hulipasua. Nesi alipiga simu kiwandani kutimiza wajibu tu. Kisha akatoka barazani.

"Niitieni Baba Koleo. Aje mbio, lakini asiguse mlango, rangi haijakauka."

Alikuja na Kitindamimba nyuma yake, kwa kuwa mama alikuwa msibani. Nesi alimlaza mtoto kwenye beseni la bati lililotandikwa blanketi, akamwambia Baba Koleo alikumbatie beseni kwa nje. Nesi alitia kiwiko ndani, akapima. "Sogeza mbali. Mbali kidogo. Haya, hapo hapo, usitikisike."

Hakutikisika. Mchana wote aliketi vile, mgongo umepinda, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Majirani walimfuta kwa zamu. Fundi cherehani alimnywesha maji kwa kijiko. Bibi wa magoti alikuja na mkongojo wake, akakaa mlangoni kuzuia upepo. Mwalimu wa chekechea alilala ubavu, macho kwenye beseni, midomo ikienda bila sauti. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu. Polepole akawa wa waridi, na alasiri akalia. Kilio kilikuwa chembamba kama cha paka, na chumba kizima kikacheka.

Kitindamimba hakucheka. Alitazama viganja vya baba yake jinsi vilivyomzunguka mtoto wa watu.

Umeme ulirudi jua lilipoanza kushuka. Baba Koleo alinyooka kwa shida. Walipofika njiani, binti akatafuta kiwiko kama kawaida.

"Baba, mimi uliwahi kunishika vile?"

"Wewe ulizaliwa na joto lako, mama. Hukuhitaji la kwangu."

"Nilihitaji."

Baba Koleo alisimama. Alikigusa kifungo cha shati lake, kile cha plastiki, akangoja. Hakikuyeyuka. Akajigusa shavu. Kisha akanyoosha mkono.

Ulikuwa na uvuguvugu wa kawaida, kama mkono wa mtu aliyetoka kuoga. Kiganja kilikuwa kigumu, na katikati kilikuwa laini, jambo ambalo Kitindamimba hakulitarajia. Walizunguka kwa njia ndefu, wakapita nyuma ya bohari, tena nyuma ya shule, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kesho yake alikwenda kazini, na aliporudi alishikwa kiwiko.

Wiki hiyo meneja alifika zahanati na mpiga picha. Alimpa Baba Koleo mkono, ila kwa mbali, wa kupunga. Picha ikatundikwa getini, chini yake pameandikwa: JOTO LETU, UHAI WENU. Nesi alitumia nafasi hiyo kuomba zahanati iwekewe waya wake wa umeme.

"Wa nini tena," meneja aliuliza, kwa upole kabisa, "na huyu mnaye?"

Mwezi uliofuata kiwanda kiliajiri vijana. Mdogo wake fundi cherehani alikuwa miongoni mwao, na alipewa koleo jipya. Baada ya siku chache alirudi nyumbani, akaketi, akachukua kikombe cha plastiki anywe maji. Kikombe kikajikunja polepole, maji yakamwagika magotini. Mama yake aliacha kumenya vitunguu, akainuka, akamletea cha bati.

"Shika hiki," alisema, akarudi kwenye vitunguu vyake.