Vya Mtoto na Vya Mzazi

Boksi kutoka Maskati lilifika Vitongoji siku ya Jumanne, limefungwa kamba za nailoni pande zote hata Talal akalazimika kuazima kisu kwa jirani. Alilikokota mpaka sebuleni, akakaa mkekani, akamtazama mkewe kwa furaha ya mtu aliyefikiwa na neema mlangoni. Tamima alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Alivuta kigoda, akakaa taratibu, akasema lifunguliwe.

Aliyelituma alikuwa Rumaitha, dada yake Talal, aliyeolewa Maskati miaka ishirini na mbili nyuma, na ambaye akitoa hutoa kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na gari la mtoto la kusukuma, la rangi ya kijivu, lenye kipaa cha kukunjua na mahali pa mama kuwekea kikombe chake. Mlikuwa na mashine ya umeme ya kupashia maziwa ya chupa, kiti cha magurudumu cha mtoto kujifunzia kutembea, jozi sita za viatu visivyozidi urefu wa kidole, na magauni ya sherehe yaliyojaa marinda. Talal alitoa kimoja kimoja akikisifu. Tamima naye alisifu, maana vilikuwa vizuri kweli, na jioni ile walimpigia Rumaitha simu ya video wakamshukuru kwa dhati.

Shida ni kwamba Tamima alikuwa na orodha yake, na katika vyote vilivyotoka ndani ya lile boksi hapakuwa na hata kimoja kilichokuwamo katika orodha hiyo.

Alikuwa fundi cherehani, na kazi ile ilikuwa imemfunza tabia moja: hakati kitambaa kabla ya kujua kinakwenda kuwa nini. Alipopata mimba alikwenda kwa Bi Mwanawema, mkunga wa kituo cha afya, kisha akapita kwa majirani watatu wenye watoto wadogo. Hakuwauliza walinunua nini. Aliwauliza ni kipi walikishika kila siku na kipi kilibaki juu ya kabati. Majibu yao aliyapima, akayapunguza, mpaka yakabaki mambo saba: neti ya mtoto, beseni la kuogea, kitambaa cha flana cha kushonea nepi, mpira wa kutandika kitandani, kanga kuukuu zilizolainika, kipimajoto, na fedha za kukodi gari siku ya uchungu. Kanga alikuwa nazo. Vingine vyote vilikuwa bado, kwani msimu ule wa mvua paa lilivuja na akiba yao ikaishia kwenye mabati. Talal alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake, na mshahara wake ulifika nyumbani ukiwa umekwisha kupangiwa.

Hata hivyo Tamima hakutaka kulihukumu lile gari bila kulijaribu. Asubuhi ya pili alilaza ndani yake mfuko wa unga wa kilo tano, akaufunika kanga, akatoka nalo kwenda kwa jirani yake Ruweida. Hakumaliza hata nusu ya safari. Njia ile hupita katikati ya makonde ya mihogo, mchanga mtupu, na pale mchanga unapokwisha yanaanza mawe. Magurudumu yalizama, yakasokotana, gari likalala ubavu na unga ukamwagika. Ruweida alikuja kumsaidia huku akicheka hadi machozi. Walirudi wawili, mmoja kabeba mfuko, mwingine kabeba gari kichwani.

Usiku ule Tamima alimwambia mumewe alichokiamua. Angelipeleka gari, mashine na kile kiti kwa Msellem, mwenye duka la vitu vya watoto mjini, wabadilishane mali kwa mali. Viatu na magauni angevibakisha.

Talal akasema kwa sauti ya chini, "Dada akijua itakuwaje?"

"Atajua," alisema Tamima. "Nitamwambia mimi mwenyewe. Sitaki ajue kwa mtu mwingine."

Talal alimjua mkewe. Alikwenda kutafuta kamba ya kulifunga tena lile boksi.

Msellem alikuwa mtu mzima mwenye adabu nyingi na bei ngumu. Alilizunguka gari, akabonyeza magurudumu, akasema Pemba halina mnunuzi, labda alipeleke Unguja. Tamima alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba wiki iliyopita alimwona mke wa daktari akiulizia gari kama lile hapo hapo dukani, na kwamba walimu na maofisa wanaokaa penye lami wanajifungua kila mwezi. Msellem alitabasamu, akaagiza kiti kwa ajili ya mjamzito, mazungumzo yakaanza upya.

Walichukua karibu saa nzima. Neti ya kwanza Tamima aliikunjua yote kama mwavuli, akaipitisha vidole kila pembe, akakuta mshono umeachia, akairudisha. Beseni alilipapasa ukingo wa ndani asije akachunwa mtoto. Kipimajoto alikijaribu kwapani mwake pale pale. Flana aliivuta kwa urefu na kwa upana, akainusa, akataka mita sita badala ya nne. Mpira wa kutandika Msellem aliuongeza mwenyewe, na juu yake akatoa fedha kidogo taslimu, ambazo Tamima alizikunja akazitia ndani ya kitambaa kwa ajili ya nauli ya hospitali. Walipoagana, Msellem alimwambia Talal, aliyekuwa akingoja kando, kwamba mke kama huyu asimwache nyumbani siku ya kununua kiwanja.

Wiki mbili zilizofuata cherehani haikupoa. Tamima alikata nepi ishirini na nne, akazikunja pindo mara mbili zisifumuke, akazifua, akazianika juani mpaka zikawa laini. Alikuwa amepanga kumpigia Rumaitha simu Ijumaa baada ya sala. Alhamisi Rumaitha alipiga yeye. Alikuwa amepata tiketi, angefika Jumapili, na angekaa mpaka mzazi atimize arobaini yake.

Talal aliposikia alikosa raha. Alipendekeza waende kwa Msellem wakaliazime gari kwa muda wa ziara. Tamima alimwambia hapana, tena akamwambia asilirudie wazo hilo.

Rumaitha aliwasili adhuhuri, mwanamke mnene, mchangamfu, harufu ya udi ikimtangulia. Tamima alimwamkia, akambusu mkono, wakakaa. Chakula kilikwisha kuandaliwa, na Rumaitha alikuwa anakunja mikono ya baibui anawe, Tamima alipomwambia, "Wifi, kabla hujala nina neno. Gari ulilotuletea halipo tena hapa. Nimelibadilisha, pamoja na mashine na kile kiti. Talal hana kosa, niliamua mimi."

Akamweleza yote bila kupunguza wala kujitetea: paa, orodha, mchanga, unga uliomwagika. Rumaitha alisikiliza akiwa bado kashika birika la maji. Alipojibu, hakujibu kwa hasira. Alisema kwamba alipomzaa mwanawe wa kwanza kule Maskati, mumewe alikuwa kapoteza kazi mwaka ule ule. Kila alipokwenda sokoni alipita mbele ya duka lililokuwa na gari la mtoto nyuma ya kioo, naye kampakata mwanawe mpaka viwiko vikamuuma. Hakuwa na mama, hakuwa na jirani anayemjua.

"Nikasema wangu wamelikosa," alisema, "lakini wa mdogo wangu hatalikosa."

Tamima alitamani kusema samahani, na angeisema, lakini isingekuwa kweli yote. "Ningalijua hilo, ningalikuuliza kwanza," alisema. "Gari ningelitoa vile vile, wifi. Lakini ningalikuuliza."

Rumaitha alinawa, akala kidogo. Talal alikula akitazama sahani yake tu. Walipomaliza, Rumaitha aliinuka akasema anataka kuona hivyo vilivyochukua mahali pa gari lake.

Tamima alimwingiza chumbani. Vitu vilikuwa vimepangwa ndani ya beseni, vimefunikwa kanga. Rumaitha alivitoa kimoja kimoja kama anayekagua mahari. Alifungua nepi moja, akapitisha kidole gumba juu ya pindo, akauliza nani kashona, ingawa alijua. Alikitazama kipimajoto. Alikunjua neti, akaikunja. Kisha akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, na miaka ishirini na mbili ya Maskati ikamtoka mdomoni, akasema kwa Kipemba cha kwao: "Vya ntoto naviona. Vya nzazi vi wapi?"

Tamima alikuwa ameuliza watu wanne kuhusu mtoto, na hakumuuliza hata mmoja kuhusu mama.

Kesho yake asubuhi Rumaitha alivaa baibui akaenda sokoni peke yake. Alirudi na pilipili manga, mchele wa kusaga unga wa uji, nazi, chupa kubwa ya chai ya kutunzia maji ya moto, taulo mbili nzito za kukandia, na mita tatu za kitambaa kigumu cheupe. Kile kitambaa kilikuwa cha mkaja, wa kumfunga mzazi tumbo. Alikiweka juu ya cherehani akamwambia Tamima akipinde ncha, kwa kuwa yeye ndiye fundi. Vyote vile havikufikia bei ya jozi moja ya vile viatu vidogo, na Rumaitha mwenyewe ndiye aliyelisema hilo, akicheka.

Uchungu ulimshika Tamima siku ya tisa tangu Rumaitha afike, saa nne asubuhi, akiwa anafua. Alimaliza kusuuza nguo iliyokuwa mkononi, akaita. Yussuf, jirani mwenye gari, alikuwa amekwisha kuambiwa tangu mwezi uliopita, na hakukuwa na kukimbizana wala kutafuta fedha. Alasiri alizaliwa mtoto wa kike, kilo mbili na gramu mia tisa, mwenye nywele nyingi na sauti ya kudai haki yake. Wakamwita Manar.

Mambo yakaenda vizuri mpaka siku ya tatu. Siku ile matiti yalijaa yakawa mawe, chuchu zikachubuka, mtoto akanyonya kidogo akaachia akalia, na kilio chake kikawa hakikatiki. Tamima, aliyejadiliana na Msellem bila kutetereka, aliketi ukingoni mwa kitanda akalia pamoja na mwanawe. Talal alisimama mlangoni, akasema anakwenda mjini kununua maziwa ya kopo na chupa. Tamima alimgeukia wifi yake, akitaraji kwamba aliyenunua mashine ya kupashia chupa angekubali.

"Usiende huko," Rumaitha alimwambia mdogo wake. "Nenda kaniitie Bi Mwanawema."

Mkunga alifika kabla ya adhuhuri. Alimtazama mtoto kwanza, akasema ni mzima, ana njaa tu. Kisha akaonyesha kosa: Tamima alikuwa anamwinamia mtoto, na mtoto alikuwa anashika ncha ya chuchu peke yake. Alimweka mama sawa, mgongo kwenye mto, akamleta mtoto kwenye titi badala ya titi kwa mtoto, tumbo kwa tumbo, mdomo wazi kabisa. Akaagiza anyonyeshwe kila anapotaka, asihesabiwe saa.

Alipoondoka, Rumaitha alishika zamu. Alimkanda Tamima mabega na mgongo kwa taulo za maji ya moto, akamkanda na matiti kwa mkono mwepesi. Alimfunga mkaja, akamnywesha uji wa pilipili manga wenye tui zito mpaka jasho likamtoka kipajini. Tamima alipolala, Rumaitha alimpakata mtoto. Alipoamka, mtoto alirudishwa. Hivyo hivyo siku nzima na iliyofuata. Asubuhi ya siku ya tano Tamima aliamka kanga yake imelowa maziwa, na Manar alikuwa ananyonya kwa mkupuo, akimeza kwa sauti, ngumi zimefunguka.

Siku ya saba palichinjwa mbuzi wa akika, na Rumaitha ndiye aliyemnunua. Wanawake walioingia chumbani walitafuta kwa macho gari la Maskati walilolisikia. Mmoja akauliza. Kabla Tamima hajafungua mdomo, Rumaitha alimjibu kwamba gari limegeuka hayo yote wanayoyaona, na nyumba hii wanajua kununua. Akaendelea kugawa halua.

Zile siku arobaini zilipita upesi. Wawili wale hawakukubaliana kila jambo. Rumaitha alitaka mtoto avishwe viatu, Tamima alivirudisha ndani ya sanduku, kesho yake vikakutwa miguuni tena, Tamima akaviacha. Kituoni, Bi Mwanawema alimweka Manar kwenye mizani akaandika kilo nne na nusu kwenye kadi. Rumaitha aliomba aione kadi kwa macho yake, akaipiga picha.

Asubuhi ya safari walimsindikiza uwanja wa ndege. Rumaitha alimbusu mtoto utosini, akambusu Talal, kisha akamvuta wifi yake pembeni. Alimwambia kwamba binti yake mkubwa ameolewa mwezi wa sita, na kwamba habari zikija, kabla hajanunua hata soksi, atapiga simu Vitongoji kuuliza.

"Piga," alisema Tamima. "Na safari hiyo nitakuuliza na mimi."

Walisimama mpaka alipopita mlango wa wasafiri. Kisha Tamima alimfunga Manar kifuani kwa kanga, akamwambia Talal waondoke kabla jua halijakolea, kwani alikuwa na gauni la harusi la mteja, na alikuwa ameahidi litakuwa tayari kesho.