Mikoba Arobaini kwa Siku

Kila asubuhi Mama hufuta cherehani kwa kitambaa, hutia matone matatu ya mafuta, kisha hukaa kimya kidogo, mikono mapajani, kabla ya kuanza kukanyaga. Huo ndio muda wake peke yake, nami huusubiri uishe ndipo niingie na ufagio.

Siku hiyo ulikatizwa. Mama Mkubwa aliingia na simu sikioni, akaniashiria nishike kalamu. Mwandishi wa gazeti, ambaye tulikuwa tumtumie kabrasha la habari zetu Ijumaa, alikuwa akisema ukurasa wa biashara ndogo umewahishwa. Alilitaka leo, kabla ya saa sita mchana.

Mama Mkubwa ni dada yake Mama. Mtaani wanamwita Redio, kwa kuwa hazimwi, naye hujibu kwamba bila redio hakuna anayejua kama duka lipo. Ni kweli. Biashara yetu ya mikoba ya turubai ina mdomo mmoja na mikono miwili. Mdomo ni wake, mikono ni ya Mama. Mimi, tangu nirudi na cheti changu cha mawasiliano, ni karani, mpiga picha na mfagiaji.

Kabrasha lenyewe lilikuwa karibu tayari. Historia ya karakana nilikuwa nimeiandika, picha sita nilikuwa nazo. Maneno ya Mama Mkubwa yalijaza kurasa mbili. Niliyapunguza hadi aya moja, akalalamika kwamba nimemkata ulimi. Yalibaki maneno ya Mama tu, kwa sababu ukurasa wa takwimu nao ulikuwa umekamilika, au ndivyo nilivyodhani.

Takwimu nilizipata kama nilivyofundishwa chuoni: pima kazi ya saa moja, zidisha kwa saa za siku. Juma lililopita nilikaa kwenye kigoda kando ya Mama, saa mkononi, naye akamaliza mikoba mitano. Nikazidisha kwa saa nane za kazi: arobaini. Mama Mkubwa alitaka namba hiyo iandikwe kwa herufi nene. Alikuwa ameshaanza kutaja shule ambazo zingetuagizia.

Sasa, nikiwa napunguza kingo za picha ya Mama kazini, niliikuza ili nione mshono. Nikaona kidole gumba. Kilikuwa kimevimba, kimefungwa kipande cha bitana. Niligeuka nikahesabu mikoba ya jana iliyokuwa rafuni. Kumi na saba. Ya juzi niliikumbuka, maana niliipanga mwenyewe: kumi na tisa.

Ndipo nilipoelewa. Siku ile Mama alikimbiza kazi kwa sababu mimi ndiye niliyeshika saa. Hakutaka hesabu ya mwanawe iaibike. Na namba hiyo ikitoka gazetini, ataendelea kuikimbiza kila siku.

Mimi ni mtu wa kupanga maneno kichwani hadi mgeni anaaga na kuondoka. Kwa hiyo nilizunguka mbuyu. Nilimuuliza Mama kama siku ile alishona kama kawaida, akasema cherehani ilikuwa nyepesi. Nikamwomba maneno yake ya gazetini. Akaniambia niandike nipendavyo, msomi ni mimi. Nilipomrudia akasema niandike anashukuru.

"Unamshukuru nani, mdogo wangu?" Mama Mkubwa akauliza. "Hii si harusi."

Ilikuwa imebaki nusu saa. Nikafanya wanachofanya wengi: nikamtungia. Kisha nikasoma kwa sauti, maana hatutumi maneno ya mtu kabla hajayasikia. "Kushona ni furaha yangu. Mikono yangu haichoki kuwahudumia wateja."

Cherehani ikanyamaza.

"Hayo sijasema," Mama alisema.

Mama Mkubwa akamtuliza kwamba hiyo ni lugha ya magazeti tu, kila mtu husema hivyo, nami nitume, saa inakwenda. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa. Nilisema kwa sauti ndogo sana, ikabidi Mama Mkubwa ainame kunisikia, kwamba hata arobaini si kweli. Nikamweleza juu ya saa, na rafu, na kidole.

Nilitegemea afoke. Badala yake alikwenda akaushika mkono wa Mama, akaugeuza taratibu, akautazama kama kitu alichouza siku zote bila kukifungua. Kisha akaketi juu ya robota la turubai.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Na wewe ukiwa hewani, nafasi ya kuongea naipata wapi?"

"Basi leo nimezima. Sema."

Mama alinitazama mimi kwanza, kana kwamba ananiomba radhi kwa ajili ya hesabu yangu. Saa sita ilikuwa inakaribia, na hakuna aliyetazama saa ya ukutani.

"Nimechoka, dada," akasema. "Si leo. Tangu mwaka juzi nimechoka. Gazeti silikatai, lakini kabla hujanitafutia wateja, nitafutie mtu wa kukaa kwenye cherehani ya pili. Na mimi unipe hata siku mbili nilale."