Mistari ya Kalamu

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla ya alfajiri. Mjukuu wangu hukifunga kitambaa ili kisiniamshe. Siku hiyo alisahau, nikajua ya jana bado yanamsumbua.

"Mke mwenza," nikamwita kutoka kitandani, "umegombana na birika?"

"Lala, bibi. Leo sina pa kwenda, si wamenisimamisha kazi. Nimeamka kwa mazoea tu."

Kazi yake ilikuwa kutakasa vyombo vya upasuaji hospitalini kwa mashine ya mvuke. Kila furushi hufungwa kwa utepe wenye mistari hafifu. Joto likitosha, mistari hugeuka myeusi, na daktari anajua vyombo ni salama.

Jana yake mashine ilikohoa, mistari ikabaki hafifu vilevile. Msimamizi wake akampa kalamu ya wino mweusi, akamwambia aipake, wagonjwa wanasubiri. Mjukuu wangu akaipokea kalamu kwa mikono miwili, maana nilimlea mimi. Akaiweka mezani. Kisha akayachana mafurushi yote kumi na manne, asije mwingine akayapaka.

Upasuaji wote ukaahirishwa. Mgonjwa mmojawapo nilikuwa mimi. Jicho langu la kulia lilikuwa limengoja zamu miezi saba. Nilikuwa nimeshavaa lile gauni lao lisilo na mgongo. Nikalivua.

"Nisamehe, bibi," aliniambia njiani.

"Jicho ni langu, na limesamehe."

Saa nne asubuhi msimamizi akapiga hodi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hilo nililiona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usikalie hicho, kinayumba. Kaa kile."

Alikuwa na barua mbili. Moja ya kumfukuza mjukuu wangu kazi. Nyingine ya kuomba radhi, imeshaandikwa, imebaki sahihi tu: kwamba mashine ilikuwa nzima, na yeye aliharibu vyombo kwa uzembe.

"Saini hii, dada, yaishe," akasema. "Jumatatu unarudi kazini, na bibi anaingia wa kwanza."

"Mashine imetengenezwa?"

"Fundi anakuja."

"Lini?"

"Anakuja."

Mjukuu wangu akanigeukia. Nikajua anachoogopa si njaa.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Mwenyewe sikuoni vizuri."

Msimamizi akacheka, kisha akakumbuka kwa nini sioni, akaacha.

Mjukuu wangu akaichukua barua ya kufukuzwa, akasaini kwamba ameipokea. Ile nyingine akaikunja mara nne, akaisukumiza chini ya mguu wa kiti kinachoyumba. Kikatulia. Tulikuwa tumekitafutia dawa tangu mwaka juzi.

Msimamizi akamaliza chai tuliyomkaribisha, akapeleka kikombe jikoni mwenyewe. Mlangoni akavaa kiatu kimoja, akasimama.

"Dada," akasema polepole, "mke wangu anajifungua kwa upasuaji wiki ijayo. Palepale hospitalini kwetu."

Mjukuu wangu angeweza kusema mengi. Hata mimi nilikuwa nayo mawili matatu.

"Sugua utepe kwa spiriti," akamwambia. "Mistari ya kalamu hufutika, ya mvuke haifutiki. Ikifutika, usikubali wamguse. Chana furushi."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kiatu cha pili, kisha akanishika mkono ili nishuke naye ngazi, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza.

"Njoo tena, mwanangu," nikamwambia. "Uje na mama na mtoto. Kiti cha kukaa sasa kipo. Barua tu uziache hukohuko."