Kandambili ya Nurdini

Hapa Ihumwa mafundi pikipiki tuna desturi yetu: ukiazima kifaa, unamwachia mwenyewe kandambili moja, utembee mguu mmoja peku mpaka urudishe. Nurdini, jirani yangu wa kibanda, alipoazima pula yangu, kile chuma cha kung'olea sumaku ya injini, aliniachia ya kushoto. Nikaitundika msumarini.

Juzi Cornel, dereva wa bodaboda, aliniletea pikipiki yake, injini ikitakiwa kung'olewa sumaku. Bila pula haing'oki, na ukiipiga nyundo unaipasua. Nikaenda kwa Nurdini. Akanijibu kutoka ndani ya kibanda, hata kichwa hakutoa.

"Wallahi, Msafiri, jamaa mmoja wa Chemba kaondoka nayo."

Nikamwamini, mjinga mimi. Nikamwomba Cornel anisubiri, nikaenda mjini kuzunguka duka hadi duka. Pula zilikuwepo, lakini hii nene, ile nyembamba, hakuna iliyoingia kwenye sumaku ile. Nikarudi na vumbi tu.

Pikipiki ya Cornel niliikuta kwa Nurdini, injini wazi, na pula yangu, yenye jina langu nililolichonga kwa mkono wangu, imeng'ata sumaku ile ile.

"Aliniambia wewe huna kifaa," Cornel alisema, macho chini.

Nurdini hakuinuka. "Mteja ni mteja, Msafiri."

Mshenzi! Nikakimbia kuichukua kandambili yake nimpige nayo usoni. Nimerudi, mkono uko juu, ndipo nikaitazama miguu yake.

Alikuwa amevaa mabuti mapya, yote mawili, kamba kazifunga vizuri.