Namba Iliyouzwa Upya

Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, simu iliita juu ya benchi la fundi wa friji. Alipoipokea, sauti ya mwanamke ilinong'ona: "Hapo ni kwa msaada?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Ilikuwa simu ya kumi na saba ya aina hiyo tangu anunue laini, miezi mitano nyuma. Zamani namba hiyo ilikuwa ya ofisi inayowasaidia watu waliosafirishwa kwa hila na kufungiwa kazini. Ofisi ilipata namba mpya, fupi, ikaitangaza redioni kwa mbwembwe. Ile ya zamani ikaachwa ilale mpaka kampuni ya simu ikaiuza upya. Vibandiko havikubanduliwa. Viliendelea kukaa ndani ya milango ya vyoo vya wanawake, uwanja wa ndege, mahali pekee ambapo msafiri anayesindikizwa huachwa peke yake.

"Piga namba fupi, mdogo wangu," alisema fundi, akaitaja. Mwanamke alikata, na baada ya dakika mbili akapiga tena.

"Nimeipiga. Inasema haipo. Simu yenyewe ni ya bibi ninayemtunza, napiga akilala."

"Uko mtaa gani?"

"Sijui, dada. Tangu niletwe sijavuka geti. Mwezi wa nane huu. Pasipoti anayo mama mwenye nyumba."

Simu ikakatika.

Fundi alipiga ofisini. Afisa wa dawati alimsikiliza, kisha akaomba anwani.

"Hajui alipo. Ndiyo maana ya kufungiwa."

"Bila anwani sifungui jalada, mama. Na mwathirika apige mwenyewe."

"Anapiga. Anapiga kwangu, kwa sababu yenu."

"Hiyo namba haitumiki."

"Inatumika. Naongea nayo sasa hivi."

Afisa alimshauri aandike barua. Barua alishaandika nne. Zote zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikalala.

Jirani yake, mchomeleaji wa mageti, alikuwa amesikia yote. "Mama Barafu, wewe sasa ni ofisi kamili. Umekosa mshahara na kiyoyozi tu."

"Kiyoyozi najifungia mwenyewe."

"Basi badili laini, upumzike."

"Nikibadili, huyu atampigia nani?"

Mchomeleaji alishusha miwani yake, akarudi kwenye cheche zake.

Jumatano, saa saba na dakika nane, mwanamke alipiga tena. Fundi alikuwa ameshapanga la kusema.

"Mimi ni fundi wa friji. Hapo ndani kuna friji?"

"Lipo. Kubwa."

"Ndani yake, upande wa juu, kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba. Kirudishe kwenye sifuri. Usichomoe waya. Taa itaendelea kuwaka, lakini baridi itaisha. Nyama ikianza kunuka mama mwenye nyumba atatafuta fundi. Mwambie namba hii umeikuta kwenye karatasi nyuma ya friji."

"Na akinishtukia?"

"Anaweza kukushtukia. Siwezi kukuahidi. Uamuzi ni wako."

Kwa mbali bibi alikoroma, mwanamke akanong'ona: "Umesema sifuri?"

"Sifuri."

Alhamisi, saa nne asubuhi, mama mwenye nyumba alipiga mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Alitaja mtaa, rangi ya geti na duka la dawa lililo mkabala. Fundi aliandika yote, akamwomba arudie namba ya nyumba.

Jikoni alimkuta mwanamke mwembamba akimenya viazi. Hawakusalimiana zaidi ya desturi. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni muda wote, mikono kiunoni. Fundi alirudisha kitufe kimyakimya, akafungua nyuma, akachomoa relei ya kuwashia mota, nzima isiyo na kasoro, akaitia mfukoni.

"Relei imekufa. Kesho saa tisa naleta nyingine, na watu wawili wa kulisogeza."

"Kesho ya mafundi huwa haifiki."

"Hii itafika, mama."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja ofisini, akaiweka anwani mbele ya afisa wa dawati. Afisa aliisoma mara mbili.

"Wakubwa wako semina ya uhamasishaji hadi Jumatatu."

"Wanahamasisha nini?"

"Namba fupi."

Fundi aliegemea dawati. "Nimeahidi watu wawili kesho saa tisa. Nikikosa wa kwenu nitakwenda na mchomeleaji na ndugu yake, kisha wewe utaeleza kwa nini."

Afisa alimtazama, akauvuta mkonga wa simu ya mezani.

Ijumaa fundi alifika saa tisa na dakika arobaini pamoja na maafisa wawili, mmoja na barua ya polisi. Mama mwenye nyumba alipandisha sauti mpaka alipouona muhuri. Ndipo pasipoti ikatoka kabatini. Mwanamke aliketi sebuleni na mfuko wake mmoja, akajibu maswali ya fomu.

"Namba yetu uliipata wapi?"

"Mlango wa choo, uwanja wa ndege."

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: redio, mtandao, rafiki. Kalamu ya afisa ilitangatanga juu yake. "Nitaweka redio."

"Sijasikia redio miezi minane," alisema mwanamke.

"Andika pembeni," fundi alisema. "Andika mlango wa choo."

"Pembeni hapaandikwi, mama."

Akaweka alama kwenye redio. Saa kumi na dakika tano gari la ofisi lilitoka getini, mwanamke akiwa kiti cha nyuma.